Mke wa Kapteni Moncairn

Dunlarrig, Uskoti
4 Machi 1999

Mpendwa Bi Kheiria,

Hunijui. Jina langu ni Elspeth Moncairn. Nilizaliwa Mufindi, kwenye shamba la chai la baba yangu, na Kiswahili nilikipata mgongoni kwa yaya kabla sijakimudu Kiingereza. Nilipokuwa na miaka kumi na minne Babu alifariki, baba akarithi ulodi, yaani cheo cha ukoo pamoja na nyumba yake, tukahamia huku. Baadaye nilirudi Njombe nikafanya kazi ya uuguzi mpaka nywele zikaanza kunigeuka. Utanisamehe basi kama naandika Kiswahili cha bara.

Nakuandikia kwa ajili ya kitabu. Ukoo wetu una miaka mia tano katika bonde hili, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika nasaba yake yote. Wamo majenerali watatu, gavana mmoja, na wanasiasa wengi kuliko inavyopendeza. Yumo hata mwanamke, Marjory, aliyerithi ulodi mwaka 1651 baada ya kaka zake wote kuuawa vitani, maana hati tuliyopewa na mfalme inamruhusu binti kurithi ikiwa hakuna mtoto wa kiume. Ukurasa wa Marjory najivunia kuliko kurasa zote.

Baba yangu mkubwa, Kapteni Ranald Moncairn, kifungua mimba wa Babu, alikuwa ofisa wa jeshi la Keya, la Waingereza Afrika Mashariki. Alikaa Unguja kabla ya vita, akauawa Abisinia mwaka 1941. Kitabu cha zamani kinasema alikufa bila mtoto. Mwaka jana daktari mmoja mzee wa Kizanzibari anayeishi Edinburgh aliniambia hapana, binti yake yuko Muscat, alikuwa mwalimu, na macho yake ni ya kijivu kama ya kwangu. Yeye ndiye aliyenipa sanduku lako la posta.

Nataka kukuingiza kitabuni. Mwishoni mwa kitabu tuna sehemu fupi ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa. Zamani walifichwa, mimi siwafichi. Nitumie jina lako kamili na mwaka wa kuzaliwa. Jina la mama yako pia, kama ungependa litajwe.

Wako kwa heshima,
Elspeth Moncairn


Wadi Kabir, Muscat
2 Aprili 1999

Kwa binti ami yangu Elspeth,

Nakuita hivyo kwa sababu ndivyo ulivyo. Kwetu watoto wa ndugu wawili wa kiume ni ndugu, na mtu hamkasirikii mgeni kama anavyomkasirikia nduguye. Basi jua kwamba nimekukasirikia kindugu, na kaa kitako nikueleze. Nimesomesha miaka thelathini na tano, Unguja na hapa, na sijapata kumwacha mwanafunzi atoke darasani na jawabu la makosa.

Mama yangu ni Shariffa binti Yaqoob. Hakuwa kimada wa mtu. Mwaka 1930 baba yako mkubwa alikuja kwa babu yangu Yaqoob, nyumbani Mkunazini, kuposa. Babu akamwambia, "Kapteni, wewe ni mtu mwema, lakini kwetu mwanamke wa Kiislamu haozwi asiyekuwa Mwislamu. Hilo halina mjadala." Ranald akaenda zake. Akarudi baada ya miezi, ameshasoma, akatoa shahada mbele ya kadhi kwa hiari yake, akachukua jina la Yahya. Babu akasimama walii, mahari yakatajwa, mashahidi wawili wakasikia, khutba ikasomwa, watu wakala halua. Hiyo ndiyo ndoa, binti ami. Haikupungua kitu. Wakubwa zake jeshini walipojua walimhamishia Nairobi, akawa anatujia kwa likizo, na mimi nlikuwa nikimngoja juu ya ngazi nikimpigia kelele. Nilizaliwa mwaka 1931. Mimi ni Kheiria binti Yahya, na Yahya huyo ni Ranald wako.

Sasa nna suali na mimi. Wazee wako walioana wapi? Nani aliyeshuhudia, na mashahidi hao wako hai? Mimi sikuwapo, wala simjui hata mmoja. Je, nikikwambia kwamba mpaka nipate jawabu nitakuweka mwishoni mwa daftari langu, pamoja na watoto wa nje, utaniona mtu muungwana? Nadhani utaitupa barua yangu jikoni.

Mimi yako sikuitupa. Nimeijibu. Andika kwamba Ranald alimuoa Shariffa binti Yaqoob, wakapata binti mmoja. Sehemu hiyo ya nyuma ifunge, au waweke humo uwatakao, lakini mama yangu haingii kwa mlango wa uani.

Nduguyo,
Kheiria binti Yahya


Dunlarrig
11 Juni 1999

Dada Kheiria,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimeketi. Wazazi wangu walioana Dar es Salaam, na mashahidi wote wamekufa. Nimekuelewa. Nisamehe.

Lakini kitabu si changu peke yangu. Anayelipia uchapaji ni kaka yangu Hector, ambaye sasa ndiye Lodi wa Dunlarrig na ana kiti Bungeni London. Nilimsomea maneno yako. Kwanza alitaka iandikwe "mwenzi". Nikakataa. Tumebishana mezani mpaka mbwa wakatoka chumbani. Mwishowe amekubali iandikwe "mke kwa desturi ya wenyeji", na wewe utoke huko nyuma uje mbele, chini ya jina la baba yako, mahali pako.

Ana sharti moja. Wakili wake ameandaa karatasi, nimeiambatisha. Inasema kwamba wewe, watoto wako na wajukuu wako hamdai chochote katika ukoo, si sasa wala baadaye. Hector anasema ni utaratibu tu. Ukishatia sahihi mbele ya wakili wa huko, kitabu kitakwenda kwa mchapaji.

Nakusihi usiikatae kwa haraka. Nimepigania sana neno hilo "mke".

Elspeth


Salalah
9 Septemba 1999

Dada Kheiria,

Assalaam alaykum. Khabari za huko Muscat? Huku khareef, msimu wetu wa mvua, inamalizika, milima bado kijani, na wizarani tumejaa wageni mpaka kazi haifanyiki.

Mjukuu wako Aliya amenipigia simu, akanieleza habari za hao Waskoti na karatasi yao. Akasema, "Babu Saeed, bibi anagombana na lodi." Anacheka, maskini, hajui uzito wa jambo. Dada, wewe unajua kuwa anaposwa. Hawa watu wa Rustaq ni watu wa asili, wanauliza mpaka babu wa saba. Walipokuja kwangu, mimi kama mjomba wa mama yake, waliniuliza, "Na huyo Yahya, baba wa Bi Kheiria, ni wa kabila gani?" Nikawaambia ni mtu wetu, ami yangu. Nilisema hivyo kwa ajili ya mtoto. Mama alipoolewa na baba yangu baada ya vita, wewe ulilelewa nyumbani kwetu, ukala sahani moja na mimi, na miaka hamsini watu wanakudhania wa kabila letu. Nani kadhurika?

Sasa wewe unataka iandikwe katika kitabu cha Wazungu, kikae katika maktaba zao, kwamba baba yako alikuwa Nasara wa Uskoti! Wallahi, dada, watatukimbia. Kama lazima uwajibu, itie sahihi karatasi yao umalize maneno. Bora zaidi, usiwajibu kabisa. Nyamaza. Kunyamaza hakujamvunjia mtu nyumba.

Wanakuja kwako Muscat mwezi ujao kukamilisha. Mimi nitapanda ndege nije. Tafadhali, dada. Uwape kahawa tu.

Mdogo wako,
Saeed


Wadi Kabir
18 Septemba 1999

Saeed mdogo wangu,

Alaykum salaam. Ulipokuwa na miaka mitano ulivunja birika la mama ukasema paka. Leo una mvi, unawambia watu baba yangu ni ami yako. Umekua, lakini paka ni yule yule.

Sikutukani. Baba yako alinilea kwa wema, Mungu amrehemu, na kila mwezi wa Ramadhani namsomea. Lakini yeye mwenyewe hakupata hata siku moja kuniita binti yake mbele ya watu. Alikuwa akisema, "Huyu ni binti wa Shariffa na marehemu Yahya." Unajua kwa nini? Kwa sababu dini imekataza mtu kunasibishwa na asiyekuwa baba yake. Alilishika hilo mtu wa makamo aliyeuza karafuu. Wewe uliyesomeshwa na serikali mpaka Cairo umelisahau.

Unasema nani kadhurika. Mama kadhurika. Wewe umemfuta mumewe wa kwanza ili mtoto aolewe, na wale Waskoti wamemfuta yeye mwenyewe ili lodi alale usingizi. Hamjuani, na mnafanya kazi moja.

Njoo. Kahawa itakuwapo, na halua ya Barka. Lakini wakiniuliza, nitawajibu.

Dada yako,
Kheiria


Wadi Kabir
20 Disemba 1999

Binti ami,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nlikuwa na wageni wa kushughulikia kwanza. Nitakwambia, maana inakuhusu.

Watu wa Rustaq walikuja kumposa mjukuu wangu Aliya, wazee wanne na kanzu zao zimepigwa pasi mpaka zinakata. Walikuwa wameshaambiwa kuwa baba yangu ni wa kabila la mdogo wangu Saeed. Chini ya nyumba yangu pana gereji ya kutengeneza viyoyozi, wanagonga mabati tangu asubuhi, kwa hiyo kila mtu alikuwa anasema kwa sauti ya juu, hata maneno ya faragha.

Mzee wao akasema, "Bi Kheiria, tumesikia marehemu Yahya ni katika watu wa Saeed."

Nikamwambia, "Umesikia vibaya. Yahya alikuwa Moncairn."

"Moncairn ndio kabila gani? Wako wapi?"

"Uskoti. Wana milima kama yenu ya Rustaq, ila ya kwao imeota majani."

Mmoja akacheka, akanyamazishwa kwa jicho. Saeed alikuwa akitazama ndani ya kikombe chake kana kwamba ameona samaki.

"Basi alikuwa Nasara," mzee akasema.

"Alikuwa. Akasilimu, ndipo akamuoa mama yangu. Masahaba nao wengi wao walizaliwa katika ukafiri, na nyinyi mnajivunia kuwa kizazi chao."

"Astaghfirullah, bibi, usifananishe!"

"Sifananishi watu. Nafananisha sheria."

Wakaondoka kwa adabu, wakasema wataleta jawabu. Halijaja, na halitakuja. Aliya hakusema nami muda mrefu. Alikuwa akija, anaweka maandazi mezani, anakaa na simu yake. Sitaki udhani kuwa haikuniuma. Iliniuma, na naandika barua hii bado inaniuma. Ndiyo maana nataka uisome vizuri inayofuata. Mtu aliyelipa bei hiyo Muscat hawezi tena kukubali kipunguzo Uskoti.

Karatasi ya kaka yako nimeisoma, nikampelekea na mwanafunzi wangu wa zamani ambaye ni wakili, ana ofisi Ruwi juu ya benki. Akaniuliza, "Mwalimu, kwa nini mtu amtake mtoto wa nje atie sahihi kwamba hadai urithi? Si hana haki nao tangu awali?" Nikamwambia, hilo ndilo suali nililokuwa nikingoja uliulize.

Tufanye somo, Elspeth, taratibu. Ranald ni kifungua mimba. Amekufa 1941. Babu yetu amekufa 1946, na kwa sheria yenu mtoto wa kifungua mimba humtangulia ami yake. Ulodi wenu, kwa maneno yako mwenyewe na fahari yako yote juu ya Marjory, humwendea binti pasipo mtoto wa kiume. Basi mwaka ule 1946, kama mama yangu alikuwa mke, nani aliyerithi? Wewe na wazee wako mlifunga mizigo Mufindi mkaenda kuishi nyumbani kwangu. Mimi wakati huo nlikuwa na miaka kumi na mitano, nakwenda chuoni kwa miguu Unguja, na viatu vya kuazima siku za Idi.

Usiogope. Siitaki nyumba. Nimeona picha uliyoitia katika bahasha, ina madirisha mengi na jua halimo hata moja. Siutaki ulodi. Nimesikia katika Idhaa ya Kiswahili ya London kwamba mwezi uliopita malodi wa kurithi wametolewa Bungeni karibu wote, kwa hiyo huenda kaka yako ananilindia kiti kilichokwisha kubebwa.

Na hilo la "desturi ya wenyeji" mwambie alifute. Wakili wangu amenionyesha kuwa kwenu Uskoti, mpaka mwaka 1940, mwanamume na mwanamke walikuwa wakitamka tu mbele ya mashahidi wawili kuwa wameoana, bila kasisi wala kanisa, na sheria ikawatambua. Mama yangu alikuwa na mashahidi wawili, kadhi, walii na mahari. Kwa vipimo vya kwenu amezidisha.

Basi sitii sahihi. Sikatai kwa kuwa nadai. Nakataa kwa kuwa nikitia, itakuwa nimelinunua neno "mke" kwa sahihi yangu, na mtu hanunui kilicho chake. Mama alikuwa mke bila ya karatasi hii miaka sitini na tisa. Ataendelea.

Nakurudishia karatasi. Nimesahihisha kwa wino mwekundu pale walipokosea jina la babu yangu.

Kheiria binti Yahya


Dunlarrig
3 Septemba 2000

Dada Kheiria,

Hesabu yako haina kosa. Hector aliisoma mpaka mwisho. Alikwenda kutembea, akarudi, akaniambia mambo ya Ranald yaachwe kama yalivyokuwa katika kitabu cha zamani. Nilimwambia ni uongo. Akasema ni uongo wenye umri, na yeye si wa kwanza kuusema. Nikajua basi kuwa baba naye alijua. Sikumuuliza Hector zaidi, kwa sababu nilikwisha kujibiwa.

Kitabu kimetoka. Nakala mia mbili, jalada la ngozi ya kijani. Chini ya jina la Ranald kimeandikwa kile kile: alikufa bila mtoto.

Sasa sikiliza. Hector analipa, lakini hafungi vifurushi. Kazi ya kuvipeleka kwa maktaba, kwa jeshi, na kwa jamaa wote mpaka Kanada ni yangu. Kwa hiyo kila nakala, kabla sijaifunga, naifungua ukurasa huo, napiga mstari juu ya yale maneno na kuandika kwa wino usiofutika: "Alimuoa Shariffa, mwanamke wa Zanzibar, 1930. Binti mmoja, Kheiria." Kisha natia sahihi yangu, mwandishi wa kitabu. Maktaba ya taifa imeshapokea yake. Jeshi pia.

Wiki iliyopita binamu wa Kanada alimpigia Hector simu kuuliza Shariffa ni nani. Tangu hapo kaka yangu hasemi nami, na mpishi ndiye anayetupelekea habari kutoka ncha hii ya meza hadi ile. Anatishia kuchoma nakala zilizobaki. Ziko chumbani kwangu, na mimi nimelala juu ya masanduku ya dawa mengi kuliko haya, nikiyalinda katika hospitali ya Njombe.

Nakutumia moja. Nina miaka sitini na minane na sijapata kufanya jambo baya lililonifurahisha hivi.

Ndugu yako,
Elspeth


Wadi Kabir
1 Oktoba 2000

Binti ami yangu,

Kitabu kimefika. Mtu wa posta Ruwi alikipima mara mbili, hakuamini kuwa ni karatasi tupu. Aliya ndiye aliyekifungua. Tumepatana, lakini bado ananiita "bibi mgomvi" mbele ya wenzake kazini, na sijui kama ananisifu. Amesoma ukurasa ule, akaniletea nilipokuwa nakosha mchele, nikausoma na mikono inachuruzika maji.

Umefanya kazi ya mtu shujaa. Nimemsomea Saeed kwa simu. Akauliza kama pana nafasi ya kuandika kwamba mama aliolewa tena na mtu wa heshima. Nikamwambia hicho ni kitabu cha Moncairn, cha kwao aandike mwenyewe.

Lakini sikupi alama zote. Umeandika "Shariffa, mwanamke wa Zanzibar". Wanawake wa Zanzibar walikuwa wengi, Elspeth, na Ranald hakuwaoa wote. Wanaume wa kitabu chako kila mmoja ana baba na babu, hata yule aliyenyongwa kwa kuiba ng'ombe. Mama yangu umemwacha amesimama barabarani kama mtu asiye na mwenyewe. Kwetu mke huingia nyumba ya watu na jina la baba yake, na hutoka nalo.

Andika: Shariffa binti Yaqoob bin Zahor. Nakala zilizobaki uziandike hivyo. Na zile zilizokwisha kwenda, maktaba ya taifa, jeshi, na Kanada, waandikie barua mmoja mmoja uwambie wafungue ukurasa huo waongeze.

Wakikuuliza kwa amri ya nani, waambie ya mtoto wake.

Kheiria